Kifua cha mama na hizi maikro-RNA: dawa ipo?

Wakuu, nipo Njombe. Mama kapikia kuni maisha yote, baridi ikizidi anafunga mlango na moshi ndani. Sasa akipanda mlima na ndoo anahema. Nasikia kuna maikro-RNA, zinatibu?

Jibu: Pole mkuu. Ni vipande vifupi vya RNA (kemikali ya ndani ya seli, ndugu wa DNA), herufi kama 22, vinavyozuia jeni isitoe protini. Wanasayansi Ambros na Ruvkun walipewa Nobel 2024 kwa kuzigundua, tena kwenye minyoo! Moshi huvuruga viwango vyake mapafuni. Mojawapo, miR-21, ikizidi huchochea makovu mapafuni.

Jibu: Dawa yake bado iko kwenye majaribio. Mpeleke hospitali ya rufaa apulize spairometa, kifaa cha kupima nguvu ya mapafu. Jiko litobolewe dirisha.

Muulizaji: Dirisha kagoma, eti moshi unamkaushia mahindi darini.

Jibu: Mjengee kichanja nje bwana!