Babu kaandikwa "bin Abdalla". Huyo Abdalla ni nani?

Mjukuu wa Wete

Asalaam alaykum. Nina swali la ukoo, naomba msinicheke.

Kwetu Pemba tumekua tukiambiwa kuwa baba wa babu yetu alizaliwa na Mwarabu mwenye shamba la mikarafuu, kwa suria. Hadithi hiyo haikosi harusini wala msibani. Baba alipofariki nilifungua kasha lake, nikakuta kartasi ya mauzo ya mikarafuu kumi na saba, khati ya Kiarabu, Ramadhani 1329. Mwalimu wa chuo cha Kurani kanisomea. Mnunuzi ndiye huyo baba wa babu (sisi twamwita babu tu), kaandikwa "bin Abdalla" (jina la kwanza nalihifadhi, wazee wasije wakaniitia kikao). Likafuata neno "maatuki", kisha jina la Mwarabu yule yule wa hadithi. Naye anaitwa Salim, si Abdalla.

Mwalimu akakohoa, akaikunja kartasi, akasema nikaulize wanaojua zaidi. Makaburini nimeshapita, Abdalla hayupo.

Kipepeo77

Pima DNA mkuu. Unatema mate kwenye kichupa, yamekwisha. Kartasi hudanganya.

Karani Mstaafu

Waalaykum salaam mwanangu. Mate yatakwambia una damu ya bara, hayatakupa jina la mtu. Turudi kwenye kartasi, maana hiyo 1329 ni mwaka 1911 na imeandikwa na mtu aliyejua kazi yake.

Maatuki ni aliyeachwa huru. Sasa pima mwenyewe. Mtoto wa suria, bwana akimkubali, huzaliwa huru, hubeba jina la baba na hurithi kama nduguze wa mke wa ndoa. Hana cha kuachwa huru. Babu angekuwa mwana wa Salim, kartasi ingesema bin Salim na kunyamaza.

Huyo Abdalla usimtafute makaburini. Maana yake ni mja wa Mungu. Mtu aliyeletwa mdogo au aliyesilimu, baba yake hajulikani au hakuwa Muislamu, akiandikwa bin Abdalla, kwani nani asiye mja Wake? Kazini nimewahi kukuta akina bin Abdalla watatu kwenye faili moja, hawana undugu hata wa kuazimana chumvi.

Na ukifika kwenye mafaili ya mirathi, shika breki. Aliyemwacha mtu huru, au wanawe, huweza kumrithi akifa bila jamaa wa kumrithi. Watu huona jina la Mwarabu kwenye mirathi ya babu yao wakashangilia, kumbe ni hiyo haki ya bwana wa zamani.

Hebu niambie, jina la kwanza ni katika Feruzi, Mabruki, Almasi, Baraka?

Mjukuu wa Wete

Ni mojawapo. Nimekaa chini kwanza.

Msomaji wa Kilimani

Pole, lakini sasa ndiyo kazi inaanza. Nenda Nyaraka, panapohifadhiwa kumbukumbu za serikali, Kilimani, Unguja. Amri ya Aprili 1897 iliwafungulia watumwa mlango wa kwenda mahakamani kudai uhuru, na bwana akilipwa fidia. Penye fidia pana karatasi. Tafuta kwa jina la Salim kwanza, siyo la babu, na ujaribu kila tahajia, Waingereza waliandika kama walivyosikia. Usipompata usikate tamaa: mabwana wengi waliwaacha watu wao huru kwa kadhi, kwa kutaka thawabu, nje ya fidia kabisa. Masuria ndio hawakufunguliwa mlango huo, ila kwa kuthibitisha ukatili, mpaka 1909.

Ukikuta kabila limeandikwa "Mnyasa", usikate tiketi ya Malawi. Jina hilo walipewa watu wengi tu waliopita njia za ziwa.

Karani Mstaafu

Na ukikuta "mzalia", basi kazaliwa hapa hapa visiwani. Mtafute mama yake katika nyumba ile ile ya Salim.

Mjukuu wa Wete

Narudi kwenu baada ya wiki mbili. Kilimani sijafika, nilianza na shangazi, ana miaka 88 na alimwahi babu yake akiwa mdogo. Nikamsomea yote haya. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama milango imefungwa, kisha akajipitisha kidole shavuni, mistari mitatu, huku na huku.

"Alikuwa nazo. Tukiambiwa ni chale za homa."

Chale za kabila, za bara. Mzalia hakuwa, basi. Nasafiri Jumatatu na boti ya asubuhi.