Swali la Rehema kuhusu alkeni

Rehema: Shikamooni nyote. Baba Mdogo, katika alkeni, yaani hidrokaboni zenye kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi mbili, tumefundishwa kwamba trans-but-2-eni ni thabiti kuliko cis-but-2-eni, na kwamba zote mbili zinaishinda but-1-eni. Nimeyakariri, lakini ningependa kujua yalithibitishwaje.

Baba Mdogo: Marahaba, mwanangu. Yalithibitishwa kwa kupima joto. Alkeni hizo tatu, zikiongezewa hidrojeni penye kichocheo kama platini, zote huwa butani ileile. Kwa hiyo joto likitofautiana, tofauti hiyo imetoka kwenye alkeni zenyewe. But-1-eni hutoa takriban kilojuli 127 kwa kila moli, cis 120, na trans 116, na ile itoayo joto dogo ndiyo iliyokuwa na nishati ndogo tangu awali, yaani ndiyo thabiti zaidi. Katika miaka ya 1930, George Kistiakowsky na wenzake pale Harvard, Marekani, walivipima viwango hivi kwa umakini ambao mimi huustahi sana.

Rehema: Na sababu yake ni nini?

Baba Mdogo: Ziko mbili, usizichanganye. Kwanza, vikundi vya alkili (vipande vya kaboni na hidrojeni, kama methili, CH₃) vilivyoshikana na kaboni za bondi mbili huituliza bondi hiyo, kwa kuwa elektroni za bondi za C–H zilizo jirani huenea kidogo kuielekea. But-1-eni ina kikundi kimoja tu, but-2-eni ina viwili. Pili ni umbo: katika cis, methili mbili ziko upande mmoja na hidrojeni zake husongamana, ilhali katika trans kila moja iko upande wake.

Shangazi: Samahani kwa kuingilia. Je, trans hiyo ndiyo ya mafuta ya kupikia tunayoonywa hospitalini?

Baba Mdogo: Ndiyo hiyo, Dada. Mafuta ya mimea yakigandishwa kiwandani kwa kuongezewa hidrojeni nusunusu, baadhi ya molekuli hushikwa na kichocheo kisha huachiwa zikiwa na bondi mbili bado, ila zimegeuka, na kwa kuwa trans ni thabiti zaidi, ndiyo inayojilimbikiza. Asidi ya oleiki, ambayo ni cis, huyeyuka kwenye nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Pacha wake wa trans huyeyuka karibu na nyuzi 45, kwani unyoofu wake huziruhusu molekuli zijipange kwa kubanana.

Rehema: Basi 2-methilibut-2-eni, yenye vikundi vitatu, itatoa joto dogo kuliko hata trans-but-2-eni?

Baba Mdogo: Naam, takriban kilojuli 113.