Ushauri wenu wadau: vitabu vya kuwasomea watoto jikoni chakula kikiwa motoni, na keki ya mkaa inayoungua chini

mama_wa_mwanga:

Habari za jioni wadau. Nipo Kigoma mjini huku Mwanga, nina watoto watatu, mkubwa yuko darasa la sita na mdogo ndo kwanza anaunganisha silabi. Nina mambo mawili ila kwangu ni jambo moja maana yote yanafanyika jikoni na muda ni ule ule, kuanzia saa kumi na moja nikitoka kazini mpaka watoto wanalala.

La kwanza ni vitabu. Mwaka huu nimeamua nyumba yangu iwe ya watu wanaosoma, na muda pekee tunaokaa wote pamoja ni pale jikoni, kwa hiyo nimeanza kuwasomea kwa sauti chakula kikiwa motoni, wale wakubwa wawili tunapokezana. Mimi mwenyewe nimetoka kumaliza Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, hicho sio cha watoto nilikuwa nakisoma usiku wakishalala lakini kimenikaa sana moyoni. Yusuf anachukuliwa kwao kwa sababu ya deni la baba yake, anaishia kwenye misafara ya kwenda bara na yule tajiri Aziz, na ukikisoma ukiwa huku kwetu unakisoma tofauti jamani, maana Ujiji ndo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, majirani zetu kibao wazee wao walifika kwa njia hiyo hiyo. Sasa natamani watoto nao waonje hiyo hali ya kitabu kukaa na wewe siku nzima. Nataka hadithi za sura fupi, Kiswahili kizuri sio cha kubanwabanwa, na mtu akiinuka kwenda kugeuza sufuria akirudi asiwe amepotea.

La pili ni mapishi. Nitajieni vyakula ambavyo nikishaviweka motoni havinihitaji sana. Mimi hapa maharage ya mawese nayajua, zaidi ya hapo ugali unataka nisimame, chapati zinataka nisimame, mgebuka wa kukaanga ndo usiseme. Halafu Jumamosi tunaoka keki kwa mkaa, sina oveni, inaungua chini wakati juu bado ni uji. Watoto wanaipenda sana hiyo Jumamosi na sitaki kuiacha. Karibuni.

msomaji_kimya:

Hekaya za Abunuwasi. Kila hekaya inaisha yenyewe, nyingine hata kurasa mbili hazifiki, unamaliza kabla ugali haujaiva. Anza na hicho usiwaze sana.

bibi_mikate_ujiji:

Mwanangu hongera kwanza kwa kuwasomea, endelea hivo hivo.

Kuhusu keki ngoja nikueleze vizuri maana nimeoka kwa mkaa miaka mingi na ninauza. Moto wa mkaa unapiga kitako cha sufuria moja kwa moja na haya masufuria yetu ya alumini ni membamba, kwa hiyo chini kunaungua kabla joto halijafika juu. Chukua sufuria kubwa, mwaga mchanga mkavu uliochekechwa kama vidole viwili kwenda juu, funika uweke motoni dakika kama kumi mchanga ushike joto. Ndani yake ndo unaweka sufuria ndogo yenye keki, isigusane na kuta za ile kubwa. Halafu mkaa wako ugawanye, theluthi moja ibaki chini na theluthi mbili upandishe juu ya mfuniko, bati au sinia la zamani linafaa. Watu wanakosea hapa, wanajaza moto chini na juu wanaweka vipande viwili vya kuonea huruma, keki itaivaje juu?

Vipimo vya keki ndogo: unga wa ngano vikombe viwili, sukari robo tatu kikombe, mayai manne, mafuta nusu kikombe, maziwa nusu kikombe, beking pauda vijiko viwili vya chai, chumvi punje tu. Mayai na sukari piga mpaka viwe vyeupe na mkono uchoke, unga ukishaingia usikoroge tena kwa nguvu, changanya taratibu tu uzame. Ukishafunika usifunue nusu saa ya kwanza hata watoto wakulilie, ukifunua joto linatoka na katikati kunabonyea. Baada ya hapo choma kijiti, kikitoka kikavu epua. Mara nyingi ni dakika arobaini na kidogo.

Na hiyo nusu saa ya kutofunua ndo nusu saa yako ya kusoma.

nyuki_wa_unyanyembe:

Mwangaluka wadau, mimi niko Tabora. Dada kwa watoto wa umri huo hakuna kitu kama Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Kuna mfalme anaitwa Rai, anapata habari kwamba liwali wake Adili, mtu anayesifika kwa wema, kila usiku anapiga manyani wawili halafu analia nao. Sasa msomee mtoto hapo halafu ufunge kitabu uende kusonga ugali uone kama atalala bila kujua wale manyani ni nani. Mimi wangu walinifuata mpaka uani. Kiswahili chake kimepangwa vizuri sana, kuna maneno ya zamani wataulizia, hapo ndo wanapojifunzia, na sura zake hazichoshi.

Yule wa darasa la sita mpe na tamthilia. Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari ikatoka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, zote za Shakespeare. Mnagawana wahusika, huyu ni Shailoki huyu ni Antonio, mama anakata vitunguu huku anajibu maneno yake. Watoto wanapenda kuigiza kuliko kusomewa tu. Sisi watu wa Tabora tunajivunia kidogo hapo, Mwalimu kasoma hapa Tabora na baadae akarudi kufundisha St. Mary's.

fundi_seif:

Mimi naomba nitofautiane kidogo kwa heshima. Jikoni kuna mafuta ya moto, kuna maji yanachemka, na mtoto anayeunganisha silabi akinogewa na hadithi anasahau amekaa wapi. Jirani yetu mtoto wake alimwagikiwa na uji na hakukuwa na kitabu wala nini, ni kupita tu. Someni sebuleni chakula kikishaiva, kuna ubaya gani? Na jiko la mkaa kama liko ndani ya chumba kilichofungwa ule moshi usioonekana unaua, watu wamekufa usingizini, hilo nalisema kwa uchungu kabisa.

mama_wa_mwanga:

Kaka Seif asante, nimekuelewa na hilo la mkaa uko sahihi asilimia zote. Jiko letu liko uani chini ya kibanda cha bati, pande tatu wazi, na watoto wanakaa kwenye mkeka upande wa ukutani mbali na moto. Siku ya kukaanga hatusomi kabisa. Ila sebuleni baada ya kula nimejaribu wanasinzia wote, mdogo ndo wa kwanza, na pale jikoni wako macho kwa sababu wana njaa na harufu inawaambia bado kidogo. Ule muda wa kusubiri chakula ndo ulikuwa unaisha kwa kugombana na kuulizia simu yangu, mimi nataka ndo uwe wetu.

Bibi Ujiji Mungu akubariki, mchanga sikuwahi kuuwaza. Nauliza, badala ya mafuta ya alizeti naweza kuweka mawese?

bibi_mikate_ujiji:

Unaweza ila yasiwe yote mwanangu. Mawese yana harufu yake na rangi yake, ukiweka nusu kikombe kizima keki inakuwa kama unakula maharage matamu. Weka robo mawese na robo ya alizeti, rangi inatoka nzuri ya njano kama umeweka mayai kumi. Yasiwe ya kale yaliyoanza kuwasha kooni.

mwana_heru_juu:

Kasulu hapa. Kwa upande wa chakula kisichotaka kusimamiwa, mkate dada. Watu wanaogopa mkate lakini muda mwingi unajifanyia kazi wenyewe. Nusu kilo ya unga, hamira kijiko kimoja cha chai kilichojaa, chumvi nusu kijiko, sukari vijiko viwili, maji ya vuguvugu, unakanda dakika kumi za nguvu halafu unafunika unauacha. Kwenu huko chini ziwani kuna joto saa moja inatosha ukaumuka, huku kwetu Juni na Julai baridi inapiga mpaka ninaufunga na kitenge nauweka karibu na jiko na bado unachukua karibu mara mbili. Usiangalie saa, bonyeza na kidole, shimo likirudi polepole uko tayari, likirudi haraka bado, lisiporudi kabisa umepitiliza. Kwa hiyo una muda wa kusoma wakati unaumuka mara ya kwanza, unagawa madonge, unasoma tena wakati unaumuka mara ya pili, na wakati unaiva kwenye mchanga wa bibi hapo juu unasoma tena. Sisi Jumapili tunamaliza sura tatu za kitabu kwa mkate mmoja.

Na maharage loweka usiku asubuhi umwage yale maji, jioni yanaiva haraka na mkaa unabaki. Maji ya kuongezea yawe ya moto ili chungu kisikate kuchemka. Kisamvu nacho, kikishatwangwa na kuwekwa motoni ni chakula cha kusomea kabisa, tena kinataka muda mrefu, unarudi tu mwishoni na karanga zako ndo hapo uanze kukoroga maana karanga zinashika chini.

geto_gungu:

Samahani kuingilia uzi wa wenye familia, mimi naishi mwenyewe Gungu, nafanya kazi bandarini, je na sisi wa jiko moja sufuria moja mna ushauri gani? Kitabu nilichosoma karibuni ni Utubora Mkulima, huyo huyo Shaaban Robert, jamaa anaacha kazi ya mjini anarudi kulima na ile hali ya kutosheka kwake imenifikirisha sana, mpaka nimepanda mchicha kwenye ndoo. Ila kupika mimi ni dagaa na ugali Jumatatu mpaka Jumatatu.

mwana_heru_juu:

Mdogo wangu dagaa ni chakula cha heshima. Ujue tu majira yake, wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali hawafuati taa kwa hiyo bei inapanda, nunua wakavu wengi giza likiwepo uweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Wakaushe kwanza kwenye sufuria bila mafuta mpaka walie, ndo uweke kitunguu nyanya na ndimu. Siku nyingine wachanganye na mawese na nyanya chungu, utaona ni mboga nyingine kabisa. Ndani ya sufuria hiyo hiyo moja pika viazi vitamu asubuhi, unafunika unasoma zako.

msomaji_kimya:

@geto_gungu ukimaliza Utubora tafuta Wasifu wa Siti binti Saad, huyo huyo mwandishi. Kitabu kidogo, maisha ya mwanamke wa Unguja aliyeanza akiwa maskini anauza vyungu mpaka sauti yake ikaingia kwenye santuri. Unakimaliza kwa viazi viwili vitatu vya asubuhi.

mama_wa_mwanga:

Jamani nimefurahi mno. Nimeamua hivi, siku za kazi Abunuwasi maana ni fupi na mdogo ataanza kusoma zile sentensi rahisi mwenyewe, Jumamosi ya keki na Jumapili ya mkate ni Adili. Tamthilia tusubiri likizo. Kuna mtu anajua Adili naipata wapi Kigoma? Maduka ya vitabu niliyopita mjini wana vitabu vya shule tu. Na kaka wa Tabora, nina asali yenu chupa nzima nimeletewa, inaingia kwenye keki badala ya sukari?

nyuki_wa_unyanyembe:

Inaingia vizuri tu. Asali ina utamu kuliko sukari, kwa hiyo kwa hiyo robo tatu kikombe ya bibi weka nusu kikombe cha asali na kidogo juu yake, maziwa punguza vijiko viwili vitatu vya chakula kwa sababu asali yenyewe ina maji. Ongeza magadi soda robo kijiko cha chai, asali ina uchachu kidogo na magadi yanautuliza na kusaidia keki kuinuka. Sasa angalizo, asali inawahi kubadilika rangi motoni, kwa hiyo mkaa wa juu usiwe mwingi kama wa keki ya sukari, ukiona inakuwa kahawia mapema punguza vipande. Ikishapoa ifunike ilale, kesho yake inakuwa laini zaidi.

Adili ninazo nakala mbili, moja ni ya watoto wangu wamekua hawaigusi tena. Nitumie ujumbe wa pembeni nitaiweka kwenye basi la Kigoma. Ila mkimaliza msiiweke kabatini, wapeni nyumba nyingine yenye watoto.

bibi_mikate_ujiji:

Nyumba ya pili ni kwangu, nina wajukuu wanne na Jumamosi wapo wote.