Kurudisha au kukopesha: makumbusho yanakwama wapi?

Mdadisi
Wakuu, naona makumbusho mengine ya Ulaya yanarudisha vitu vya kale jumla, mengine yanasema yatakopesha tu. Mimi najua kilichoporwa kinarudishwa, basi. Kikwazo hasa ni nini?

Karani wa Rejista
Sheria. British Museum inabanwa na sheria ya 1963: wadhamini hawaruhusiwi kutoa kitu ila kwa sababu chache, mfano kiwe kinafanana kabisa na kingine walicho nacho, au kimeharibika. Ndiyo maana dhahabu ya Waasante wa Ghana ilikwenda Kumasi mwaka 2024 kwa mkopo wa miaka mitatu. Ufaransa nayo ilibanwa, ikatunga sheria maalumu Desemba 2020, na vitu 26 vya jumba la kifalme la Abomey vikarudi nchi ya Benin mwaka uliofuata. Makumbusho ya Horniman ya London hayabanwi hivyo: mwaka 2022 yaliipa Nigeria umiliki wa vitu 72. Sita vikakabidhiwa kwanza, vingine vikabaki kule kwa mkopo, ila safari hii mkopeshaji ni Nigeria! Kwa hiyo mtu akikwambia "haiwezekani", muulize kama bunge lao limewahi hata kujaribu.

Mikono na Glavu
Mnasahau sumu. Zamani ngozi, manyoya, mbao na nguo zilitiwa sumu za aseniki au zebaki, baadaye dawa ya wadudu ya DDT, zisiliwe na wadudu. Aseniki haiishi nguvu kwa kukaa kabatini. Kabla kitu hakijafungashwa, dai kipimwe kwa mashine ya eksirei ya mkononi, na si sehemu moja: kwenye mishono, mikunjo na mizizi ya manyoya ndiko unga unakojificha. Mashine hiyo huona aseniki, zebaki na madini ya risasi; DDT inaipita, hiyo lazima sampuli iende maabara. Kwa kitu cha kukaa kwenye kioo, glavu na barakoa kwa wanaokishika zinaweza kutosha. Lakini kinyago kinarudi kuvaliwa usoni, na ngoma kupigwa kwa viganja. Wenyewe wasipoambiwa, mmewarudishia ugonjwa.

Mdadisi
Hiyo ya sumu sikuijua. Sasa wanaodai, waanze na mkataba wa UNESCO wa 1970, ule wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni?

Karani wa Rejista
Huo haurudi nyuma, kwa hiyo uporaji wa kikoloni haumo. Anza na daftari la makumbusho: namba ya kitu, aliyekileta, tarehe. Kisha linganisha na tarehe za vita: Maqdala (Ethiopia) 1868, Kumasi 1874, Benin City (iko Nigeria, si nchi ya Benin) 1897. Na mkilazimika kupokea mkopo, mkataba useme wazi kwamba kusaini si kukiri kuwa wao ndio wamiliki.