Chemshabongo ya jiografia na watu wa asili: herufi N imenikwamisha

mpenda_maswali:
Wakuu habari zenu. Kuna chemshabongo naiandaa, kila raundi ina herufi yake, na majibu yote lazima yaanzie nayo (ile wa- ya mbele hatuihesabu). Sasa N nimebaki na Nile, Niger, Nepal, Namib, yaani vitu mtu anajibu hata hujamaliza kuuliza. Nataka na jamii za watu wa asili ziwemo. Shusheni madini.

ramani_mkononi:
Weka Nunavut. Ilimegwa kutoka Northwest Territories kule Kanada tarehe 1 Aprili 1999 baada ya Inuit, watu wa asili wa huko, kukubaliana na serikali kuhusu ardhi yao, na Inuit ndio wengi mpaka leo. Ukubwa ni kama kilomita za mraba milioni 2 lakini hakuna barabara hata moja inayoiunganisha na Kanada iliyobaki, kwenda Iqaluit, mji wake mkuu, ni ndege, au meli barafu ikishayeyuka.

chalii_wa_atlasi:
Navajo mkuu, watu wa asili wa Marekani, hao wanajaza raundi peke yao! Ardhi yao imeingia Arizona, New Mexico na Utah. Swali tamu ni la saa: Arizona haisogezi saa mbele kiangazi kama majimbo mengi ya Marekani, ila Navajo wanasogeza mbele saa moja, halafu katikati yao kuna Hopi, jamii nyingine ya asili, ambao nao hawasogezi. Kwahiyo mwezi wa saba unaendesha gari humohumo Arizona, ukiingia kwa Navajo saa inaruka mbele, ukifika kwa Hopi inarudi, ukitoka kwa Hopi inaruka tena, na ukiwavuka Navajo inarudi tena 😂

bibi_dira:
Ya vita je? 1942 kikosi cha Marines cha Marekani kilichukua vijana 29 wa Navajo watunge maneno ya siri kwa lugha yao, Wajapani hawakuambulia kitu. Neno la kobe lilimaanisha kifaru cha vita, la viazi mabomu ya mkono. Siri ilifunguliwa 1968.

ramani_mkononi:
Hiyo wengi wanaijua siku hizi. Bora Nenets, wafugaji wa reindia (kulungu wa nchi za baridi) wa rasi ya Yamal kule Siberia, wanahama na mifugo na mahema yao. Na Nauru, nchi isiyo na mji mkuu rasmi, ofisi za serikali ziko wilaya ya Yaren. Ila mto mrefu kuliko yote usiulize, wanaosema Amazon ndiyo ndefu kuliko Nile watakugomea mpaka asubuhi.

mpenda_maswali:
Nile nimeifuta. Ya saa naipa pointi mbili, anayetaka zote ataje na Hopi.