Naomba ushauri: wasikilizaji wa michezo yangu ya sauti wanaotea mwisho mapema

MtuWaMikindani:
Wakuu, habari za jioni. Niko Mikindani, Mtwara. Natunga na kurekodi michezo ya kuigiza ya sauti tupu, mifupi, dakika saba nane, kisha nairusha kwenye makundi ya WhatsApp. Wahusika wangu ni watu wa kila siku: muuza pweza, dereva wa bodaboda, karani wa ghala la korosho, bibi anayelea wajukuu. Kila mchezo mwisho wake lazima umgeuzie msikilizaji kibao.

Shida ni kwamba hawageuziwi. Huu wa sasa unamhusu mama mmoja wa Tandahimba. Kila jioni anamtumia mwanawe aliyeko Dar ujumbe wa sauti: mikorosho imechanua, salfa ya kupulizia mikorosho imechelewa, mnada wa kwanza umepita, hela bado haijaingia. Mwana hajibu hata siku moja. Mwishoni tunajua kwamba alishafariki. Nikawapa watu wachache wausikilize kabla sijaurusha. Dakika ya pili tu mmoja akasema, "Huyo mtoto marehemu." Nikatengeneza toleo jingine ambalo mwana anajibu, ila kumbe majibu yote yako kichwani mwa mama. Hapo wakalalamika kwamba nimewadanganya.

Sasa nafichaje bila kudanganya?

KoroshoGhafi:
Marehemu, ndoto au kichaa. Hadithi zetu za kushtukiza zote zinaishia kwenye mojawapo. Ukishaniambia tu mtu hajibu simu, mimi nimeshachimba kaburi.

MzeeWaLigula:
Mwanangu, sisi wa enzi za Radio Tanzania tunaukumbuka mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza 1993. Mkwaju, dereva wa lori, kila kituo ana mwanamke. Hakuna aliyekuwa hajui anakoelekea, maana Ukimwi wenyewe ulishaingia majumbani mwetu. Lakini saa ikifika watu walisogeza viti. Walitaka kujua mkewe Tunu atafanya nini. Kwa hiyo usihangaike sana watu wakiotea litakalotokea. Wafiche nani atafanya nini litakapotokea.

Na kama unataka kisa cha kushtukiza cha kweli, hiki hapa. Nilikuwa nafanya kazi Dodoma miaka ile. Nikirudi Mtwara likizo nakuta ndugu zangu wanabishana kuhusu Mkwaju, nami simjui hata kidogo. Nikadhani redio yangu mbovu. Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba kati ya 1993 na 1995 mitambo ya Dodoma ilikuwa ikiweka vipindi vingine saa ile kwa makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia mchezo na wasiousikia. Yaani nilikuwa ndani ya mchezo bila kuusikiliza! Mtunzi gani angekiwaza hicho?

MtuWaMikindani:
Mzee, shikamoo. Hicho cha Dodoma nakiomba nikitungie mchezo.

MzeeWaLigula:
Marahaba. Chukua, ila redio usiifanye mbovu mno, ilikuwa nzima kabisa.

BintiNewala:
Kaka, mimi nitapingana na wote. Umewahi kutazama mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde? Mtu anatoka na kinyago usoni, mwili umefunikwa gubigubi, watoto wanakimbia. Watu wazima wote wanajua ndani yake kuna mtu, na wengine wanajua hata ni nani, kwa jinsi anavyotupa mguu. Hakuna anayeondoka eti kwa kuwa ameshamjua. Anayeudhi ni yule anayecheza vibaya. Toleo lako la kwanza huenda halikuwa na tatizo la siri, huyo mama ndiye hana la kufanya. Anasimulia tu korosho hadi anakufa mwana na msikilizaji pia.

KoroshoGhafi:
😂😂 Binti, taratibu.

FundiSauti_Lindi:
Nirudi kwenye swali lako la kuficha. Sauti ina faida moja ambayo picha haina: mtu asiyesema hayupo. Unaweza kumweka barazani tangu mwanzo, msikilizaji asimwone mpaka akohoe. Hapo hujadanganya, maana hukusema mama yuko peke yake.

Ila kumbuka msikilizaji yuko jikoni au kwenye bajaji, harudishi nyuma kusikiliza tena. Dalili ikipita mara moja imepotea, na ukiiweka peke yake kwenye ukimya ataidaka hapo hapo. Ipitishe mara mbili tatu chini ya kelele nyingine, mtu anacheka, mtu anabishania bei, nayo inalia pale pale. Ikifika mwisho, sikio litakuwa limeshaizoea, atasema "aaah, kumbe ndiyo ile!" Asiposema hivyo, ulimdanganya. Mimi hicho ndicho kipimo changu.

Na sauti za watu zisizidi tatu au nne kwa dakika nane, tena zitofautiane sana. Wanaume wawili wa rika moja watamchanganya mtu.

KangombaMstaafu:
Naona wote mmemuua kijana bure. Laini ya simu isipotumika muda mrefu kampuni inaifunga, baadaye inampa mteja mwingine. Kijana yuko hai, alibadilisha laini. Ujumbe wa mama unaingia kwa mtu mwingine kabisa.

Na huyo mtu mwingine awe mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho za wakulima kichinichini nje ya mnada. Naijua kazi hiyo, jina langu si utani. Mnunuzi anachotafuta ni habari: nani ameishiwa, nani ana mgonjwa, nani anadaiwa ada na mnada bado. Sasa mpe mama anayemwambia yote hayo kila jioni kwa mdomo wake. Siku hela imekata kabisa, anabisha hodi na noti mkononi. "Mama, nipunguzie magunia mawili tu, utasubiri ghala mpaka lini?"

FundiSauti_Lindi:
Dalili unayo tayari! Kila mama anapotuma, tupeleke palipo na kelele za watu wakipima korosho, na simu ya mtu itoe mlio wa ujumbe kwa mbali. Mlio ni ule ule kila mara. Nani atauangalia?

KoroshoGhafi:
Mama wa Tandahimba na WhatsApp wapi na wapi?

BintiNewala:
Mama yangu yuko Newala na ananitumia ujumbe wa dakika sita kila asubuhi, kwanza anaeleza maji yamepatikana au la, kisha ugomvi wa jirani. Mjukuu anambonyezea. Usituone washamba.

KoroshoGhafi:
Yaishe. Lakini picha ya mwenye namba si itabadilika?

BintiNewala:
Mama anatazama picha? Anatazama kama mjukuu ameshabonyeza.

Ila KangombaMstaafu, wazo lako linanipendeza na linanitia hasira. Mnunuzi anashinda, halafu basi? Mama awe na la kufanya. Ampende huyo kijana. Ampikie. Amwambie, "Unanikumbusha mwanangu, yuko Dar, ngoja niwakutanishe." Aseme hivyo kwa furaha, amwambie mjukuu apige ile namba palepale barazani.

KangombaMstaafu:
Na simu iite mfukoni mwa mgeni.

MzeeWaLigula:
Loh!

KoroshoGhafi:
Hapo sijachimba kaburi lolote. Nimekaa kimya.

MtuWaMikindani:
Jamani. Nimesoma nimesimama. Nabaki na swali: baada ya simu kuita mama aseme kitu?

FundiSauti_Lindi:
Iite mara tatu, ukate. Usiweke muziki, usimweke msimulizi wa kutuelezea.

BintiNewala:
Mimi napinga. Mkimkata mama ulimi mtakuwa mmemgeuza mtego wa kumnasa mtu tu. Aseme sentensi moja. "Pokea, mwanangu." Msikilizaji abaki anajiuliza kama ameelewa au hajaelewa.

FundiSauti_Lindi:
…Sawa. Umenishinda.

Mambo ya mashine basi, maana najua utauliza. Rekodi usiku kunguru wakishalala, chumba kidogo, magodoro mawili ukutani na khanga dirishani. Sauti ya kuita simu irekodi kwenye simu halisi iliyo ndani ya mfuko wa suruali, usichukue ya kwenye kompyuta, sikio linajua. Ukimaliza, hifadhi kwa kilobiti 64 kwa sekunde, njia moja (mono). Dakika nane hazifiki MB 4, hata mwenye bando la mia tano ataupakua. Na ukianza kulipwa, andikisha kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hazijazagaa.

MtuWaMikindani:
Nashukuru sana wote. Nimepata kila kitu isipokuwa mama mwenyewe. Waigizaji wangu ni vijana watupu, wakijifanya wazee wanakwama kwama kama redio ya betri kuukuu. BintiNewala, yule mama wa dakika sita asubuhi, anaweza kukubali?

BintiNewala:
Nimemuuliza. Anasema atakubali, ila kwanza anataka kujua huyo mnunuzi alikuwa ananunua kilo kwa bei gani.

KangombaMstaafu:
Mwambie tutaongea nje ya uzi.