Wabunge wanataka kukata miradi ya utafiti kwa kusoma majina tu, niwashauri vipi?

KaraniMpya
Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu, nina wiki moja tu. Niko sekretarieti ya kamati ya bunge ya elimu na sayansi, bado mgeni kwenye kazi. Juzi tukipitia bajeti mheshimiwa mmoja akaomba orodha ya miradi yote ya utafiti inayolipwa na serikali, tukampa, akaanza kusoma majina kwa sauti, kufika kwenye mradi wa nzi wanavyojamiiana ukumbi mzima ukaangua kicheko na kuanzia hapo ikawa ni kuweka alama tu, huu wa nini, na huu nao wa nini. Mwisho nikaambiwa niandae jedwali la miradi "isiyo na tija" ili fungu lipunguzwe. Mimi nimesoma sheria siyo sayansi, lakini roho inaniuma. Upande mwingine hela ni za wananchi na kuhoji ndo kazi ya bunge. Sasa mpaka uko wapi hapo? Kuna nchi walishapitia hili?

Mzee wa Maabara
Ndugu karani umefanya la maana kuuliza kabla hujajaza hilo jedwali. Ngoja nianze na hao nzi waliochekwa. Kuna nzi anataga kwenye vidonda vya mifugo, funza wake wanamla mnyama angali hai. Mmarekani mmoja, Edward Knipling, tangu miaka ya 1930 akawa anawaza, kama jike anapandwa mara moja tu maishani, je tukimwaga madume tasa mengi kuliko madume ya porini si kizazi kitakatika chenyewe? Mwaka 1954 wakajaribu kisiwa cha Curaçao, nzi wakaisha. Njia hiyohiyo ya madume tasa ndo iliyomaliza mbung'o Unguja miaka ya 1990. Sasa chukua andiko la mwanzo kabisa la utafiti kama huo ulisome jina lake kwa sauti mbele ya kamati, uone litapona.

Na ndiyo, yameshatokea. Seneta William Proxmire wa Marekani alianza mwaka 1975 kutoa "tuzo" ya kila mwezi kwa matumizi aliyoyaona ya ovyo, akaenda nayo hadi 1988, na tafiti nyingi zilidhalilishwa humo. Mtafiti mmoja wa hasira za nyani alimshitaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na 1979 majaji wakasema kinga ya bunge inalinda maneno ya ukumbini, hailindi taarifa anazosambaza kwa vyombo vya habari. Wakamalizana kwa dola 10,000 na seneta akaomba radhi. Wewe ni mwanasheria, isome hiyo kesi.

binti_takwimu
Mzee shikamoo, nakubaliana na wewe kwa nzi ila sisi watafiti tusijifiche nyuma ya nzi jamani. Kuna miradi inaandikwa ripoti ileile miaka mitatu, kuna kamati za kuchagua maandiko ambazo mjumbe anapitisha andiko la mwanafunzi wake, hayo bunge likae nayo mpaka usiku mimi nitashangilia. Tofauti ni hii, kuhoji hela imechaguliwa kwenda wapi kwa utaratibu gani ni kazi yao, kuamua swali gani la kisayansi lina maana wawaachie wenye fani.

Halafu kuna jambo hakuna anayeliuliza. Mradi wangu wa kwanza hela yote iliidhinishwa, kwenye vitabu inaonekana safi kabisa, lakini ikaingia robo ya mwisho ya mwaka wa fedha na sampuli zangu zinategemea msimu wa mvua ambao ulikuwa umeshapita zamani. Nikarudisha bakaa nikaandikwa nimeshindwa kutumia. Badala ya jedwali la tija andaa la tarehe karani, iliyoidhinishwa kiasi gani, iliyotoka kiasi gani, imetoka lini. Wakiliona hilo hawatakuwa na muda wa kusoma majina.

Mwl. Mstaafu
Mmesahau elimu, na ndiko kesho watahamia. Huohuo mwaka 1975 Marekani kulikuwa na mtaala wa maarifa ya jamii kwa watoto wa darasa la tano, uliolipiwa na mfuko wao wa taifa wa sayansi, watoto wanajifunza maisha ya samaki, nyani na Wainuiti, wale wenyeji wa nchi za barafu kaskazini kabisa. Baadhi ya wabunge wakakasirika kwamba unavuruga maadili, na hasira ikavuka mtaala wenyewe. Bunge la chini likapitisha pendekezo la mbunge Robert Bauman kwamba kila ruzuku ya ule mfuko ipelekwe kwao kwanza waweze kuikataa. Ruzuku zote! Likaja kuondolewa kwenye maridhiano na Seneti.

Sisemi wazazi hawakuwa na haki ya kuuliza watoto wao wanafundishwa nini, walikuwa nayo. Ila mimi nimefundisha mitaala minne mipya na hakuna hata siku moja mbunge aliyeniuliza kama niliandaliwa kuifundisha au kitabu kilifika kabla ya muhula.

KaraniMpya
Asanteni sana, shikamooni wazee wangu. Swali la mwisho, waheshimiwa watasema "sisi siyo wanasayansi, tutajuaje kama hatudanganywi?" na mi naona wana hoja.

Mzee wa Maabara
Marahaba. Wana hoja, na dawa yake ni bunge kuwa na wataalamu wake lenyewe wasiotoka wizarani. Ufaransa wana ofisi hiyo tangu 1983, Uingereza tangu 1989, wanawaandikia wabunge muhtasari wa kurasa chache tu. Marekani waliianzisha ya kwao kwa sheria ya 1972, bodi ikawa na wabunge na maseneta 12 nusu kwa nusu kwa vyama, wakaja kuinyima fedha ikafungwa 1995, kisa kubana matumizi. Kwako anza kidogo, omba kamati iite watafiti watatu wasio na mradi kwenye hiyo orodha, waelezee huo wa nzi kwa dakika kumi.

KaraniMpya
Kikao ni Alhamisi. Jedwali la tarehe nimeshaanza, kati ya miradi 11 niliyopitia hadi sasa 7 hela ilitoka baada ya nusu mwaka. Huo wa nzi ni mmojawapo.